Kupanga Mradi wa Historia Unaohitaji Kweli Masomo Mengine

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kuunganisha masomo ni kuchagua mada moja ya historia na kumwomba kila mwalimu achangie sehemu yake. Mwaka wa kwanza nilichagua Misri ya kale: mwalimu wa hisabati akawapa wanafunzi piramidi za karatasi wazipime, wa sanaa akawachoresha vinyago, nami nikafundisha utawala wa mafarao, kisha tukabandika kazi zote kwenye ukuta mmoja. Ukuta ulipendeza sana, lakini hakuna mwanafunzi aliyehitaji vipimo vile ili aielewe historia, wala aliyehitaji historia ili apime.

Siku hizi naanza na swali ambalo historia peke yake haiwezi kulijibu. Kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, lililonifaa kuliko yote ni hili: kwa nini watu wa mitaa michache ya Soho, London, walikufa kwa kipindupindu mwaka 1854, ilhali baadhi ya majirani zao walinusurika? Mlipuko ule uliua watu zaidi ya 600. Madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu, lakini daktari John Snow alishuku maji ya pampu ya Broad Street, akaonyesha vifo kwenye ramani, nyumba kwa nyumba.

Ramani hiyo ndiyo kiini cha mradi. Katika jiografia wanafunzi huisoma bila kuelezwa chochote; katika hisabati hupima umbali kutoka kila pampu, wakachora mstari unaotenganisha nyumba zilizo karibu na pampu moja na zile zilizo karibu na nyingine. Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyekuwa akifuatisha alama za vifo kwa kidole, akafika kwenye kiwanda cha bia kilichokuwa hatua chache tu kutoka pampuni, akasimama hapo na kuuliza mbona hakuna alama. Wafanyakazi wake, zaidi ya 70, walikunywa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Nilijizuia kumjibu, nikamwachia swali hilo kwa siku mbili.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa vipindi una uzito kuliko wingi wa masomo yanayoshiriki. Mwalimu wa sayansi alitaka kutangulia na somo la bakteria, nikamsihi asubiri, kwa kuwa mwanafunzi anayejua jibu mapema huwaona watu wa 1854 kuwa wajinga, na hapo historia imekwisha. Mwanasayansi Robert Koch alimtambua bakteria wa kipindupindu miaka 30 hivi baada ya mlipuko ule. Nasi tunafundisha kwa kufuata mfuatano huo huo, ushahidi kwanza na maelezo yake baadaye. Lugha hufunga kazi: kila mwanafunzi huandika barua kwa viongozi wa parokia, waliosimamia mambo ya mtaa wakati ule, akiwaomba waondoe mpini wa pampu, na haruhusiwi kutumia jambo lolote ambalo Snow hangeweza kulijua. Upimaji ni mmoja tu, barua hiyo, ambayo walimu wote wanne huisoma kwa vigezo tulivyokubaliana kabla ya kuanza.

Sehemu moja bado naiona dhaifu. Mpini uliondolewa tarehe 8 Septemba, na wanafunzi wengi huandika kwamba tendo hilo ndilo lililokomesha ugonjwa, ingawa vifo vya kila siku vilikuwa vimekwisha kuanza kupungua, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Wanafunzi wakichora grafu ya vifo wenyewe huliona hilo mara moja, na mjadala unaofuata huwa mkali, maana hawapendi shujaa wao apunguziwe sifa. Safari hii nimewaomba wenzangu vipindi viwili zaidi, viwekwe kabla ya barua, kwa ajili ya grafu hiyo.