Neno "yote" katika kifungu cha 9

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi. Nalipwa kuona koma iliyokaa pabaya, herufi iliyodondoka, sentensi iliyoanza na watu wawili ikamalizika na mmoja. Ile methali ya mali bila daftari nimeipitisha kwenye vitabu vya watu mara nyingi mno. Na bado gari langu la kwanza nililinunua kwa kusaini karatasi tatu nilizozisoma kama abiria anavyosikiliza maelezo ya mkanda ndege ikiwa tayari inaondoka: masikio yapo, akili iko dirishani.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, wa kuniita "dada" kila baada ya maneno matano. Tulipolijaribu gari nilihisi linashtuka kidogo kila linapobadilisha gia, nikamuuliza. Akacheka. "Dada, hiyo ni oili ya giaboksi tu, imekaa muda mrefu. Ikikusumbua ndani ya miezi 3 niletee mimi mwenyewe, tunashughulikia, hutoi chochote." Akanipa kalamu. Nikasaini.

Wiki ya tano gari likakataa kurudi nyuma. Kwenda mbele linakwenda vizuri tu, lakini ukitia rivasi linanguruma na kusimama palepale. Nikalirudisha yadi. Kijana yuleyule alinipokea, safari hii akaniita "mama", na hapo nikajua mambo yameharibika. Bosi wake akatoa nakala ya mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu cha 9: "Gari linauzwa kama lilivyo. Makubaliano yote kati ya pande mbili yamo katika mkataba huu."

Nililitazama lile neno "yote" kwa muda mrefu. Lingekuja mezani kwangu katika kazi ya mteja ningelizungushia duara jekundu na kuuliza pembeni: je, ni kweli yote?

Zile sentensi mbili zinafanya kazi mbili tofauti, na wengi wetu tunaiona ya kwanza tu. "Kama lilivyo" inakubebesha wewe mnunuzi kasoro za gari. Ya pili ndiyo inayoua maneno ya mdomoni. Ile miezi 3 ya kijana, ile "niletee mimi mwenyewe", haikuwamo kwenye karatasi, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi haikuwahi kusemwa. Nilikuwa nimeweka sahihi yangu chini ya tamko kwamba sikuahidiwa kitu.

Nilikaa na gari hilo miezi miwili kabla ya kupata hela ya kulitengeneza. Nikawa mtaalamu wa maegesho. Sikusimamisha gari mahali popote bila kuhakikisha kwamba nitatoka kwa kwenda mbele. Kuna siku nililiacha mbali, nikatembea dakika 20, kwa sababu nafasi pekee iliyokuwa karibu ilitaka mtu arudi nyuma.

Baadaye, kwa hasira, nikaanza kusoma sheria za watu. Niligundua kwamba "kama lilivyo" haina nguvu sawa kila mahali. Uingereza, kwa sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015, ukinunua kwa mfanyabiashara gari likaonekana na kasoro iliyokuwapo siku ya mauzo, una siku 30 za kulikataa na kurudishiwa fedha zako. Zikipita hizo, ndani ya miezi 6 ya mwanzo kasoro huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatoa miaka 2 ya dhamana ya kisheria kwa bidhaa mpya. Kwa iliyotumika muda huo unaweza kupunguzwa, lakini usishuke chini ya mwaka 1. Marekani, muuzaji wa magari yaliyotumika lazima abandike dirishani karatasi inayosema kama gari lina waranti au linauzwa kama lilivyo. Tena hukohuko Marekani watu wengi wanaamini wana siku tatu za kubadilisha mawazo. Kanuni ya siku tatu ipo kweli, ila haimhusu mtu aliyeingia yadi kwa miguu yake akanunua gari.

Karibu kinga zote hizi zinamhusu mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi, nyingi zinayeyuka. Ndiyo maana kuna wafanyabiashara wanaojifanya watu binafsi: gari ni "la mjomba", mjomba amesafiri, tukutane kwenye maegesho ya duka. Siku hizi swali langu la kwanza, kabla ya bei, ni jina lililo kwenye hati ya gari. Nikishalisikia naomba kitambulisho. Mtu mmoja alinijibu, "Kwani unanichumbia?" Nikamwambia hapana, nataka kujua nitamdai nani.

Gari la pili sikwenda peke yangu. Nilikwenda na fundi, mzee mmoja mkimya ambaye alinitoza ada ndogo na kuniomba jambo moja: muuzaji asiliwashe gari kabla hatujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Tulipofika aligusa boneti kwa kiganja, ikawa ya vuguvugu. Akanitazama tu.

Akafungua mlango wa dereva. Sikujua kwamba raba za pedali zinasema umri. Kipimo kilisoma kilomita 48,000, lakini raba ya breki ilikuwa imelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia, na usukani uling'aa pale mikono inapokaa. "Mama, hizi 48 ni za safari ya pili," alisema, yaani kipimo kilikuwa kimerudishwa nyuma. Kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa zote za onyo kwenye dashibodi zinapaswa kuwaka kwanza ndipo zizime. Taa ya injini haikuwaka kabisa. Mimi ningefurahi kwamba haiwaki. Kumbe taa isiyowaka katika jaribio hilo huenda imeng'olewa makusudi ili isimshtaki muuzaji.

Kilichonimaliza ni mkanda. Aliuvuta wote, mpaka mwisho wake, sehemu ambayo haitoki mtu anapojifunga. Kwenye sentimita kama 30 za mwisho palikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Gari lilikuwa limekaa kwenye maji. Viti vimesafishwa, zulia ni jipya, limepuliziwa manukato ya kukaba koo, lakini hakuna aliyekumbuka kuuosha mkanda hadi mwisho. Tulipoinua tairi la akiba tukakuta mchanga laini umejikusanya kwenye kona. Muuzaji akasema ni vumbi la safari. Tukaondoka bila kubishana.

Tangu hapo ninafanya na mengine mawili yasiyohitaji fundi. Namba ya chasisi kwa magari mengi ina herufi na tarakimu 17, na hazimo I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Naisoma chini ya kioo cha mbele, kwenye fremu ya mlango na kwenye hati, herufi kwa herufi, kama ninavyosoma jedwali la takwimu. Ikipishana hata moja, kwaheri. Namba hiyohiyo ndiyo ya kuulizia kama gari limeitwa na kiwanda lirudi kurekebishwa kwa kasoro ya usalama. Magari ya mamilioni ya watu duniani yaliitwa kwa sababu ya mifuko ya hewa yenye kasoro iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, na ukarabati wa aina hiyo hufanywa bure hata kama wewe si mnunuzi wa kwanza. La pili ni tairi: kuna tarakimu 4 mwishoni mwa msimbo ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linaloitwa "jipya kabisa" likiwa na matairi manne ya miaka minne tofauti lina hadithi ndefu kuliko ile unayosimuliwa.

Kuhusu fedha, nina chuki na swali moja: "Kwa mwezi unaweza kutoa kiasi gani?" Linasikika kama la mtu anayekujali. Ukishalijibu, bei ya gari imetoka mezani. Muuzaji anaweza kufikia hiyo namba yako kwa kurefusha tu miezi. Tuseme gari ni 10,000, kwa fedha yoyote uipendayo, riba asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Kwa miezi 36 utalipa kama 332 kwa mwezi, na riba yote itakuwa kama 1,960. Kwa miezi 60 malipo yanashuka hadi 222, unashusha pumzi, na riba yote inapanda hadi kama 3,350. Gari ni lilelile.

Tena muulize riba inahesabiwaje. Wapo wanaotaja asilimia 12 hiyohiyo lakini wanaipiga juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwaka, kana kwamba hujawahi kulipa kitu. Kwa miaka 3 hiyo ni riba ya 3,600 badala ya 1,960. Ukiigeuza iwe riba ya deni linalopungua, unalipa zaidi kidogo ya asilimia 21. Namba moja kwenye tangazo, mikopo miwili tofauti kabisa. Mimi sasa naomba kitu kimoja tu kwa maandishi: jumla ya fedha zote zitakazotoka mfukoni mwangu hadi siku ya mwisho. Mtu akisita kuandika hiyo namba, nanywa maji yake na kuaga.

Mdogo wangu yeye hanunui, anakodi kwa miaka. Tumebishana juu ya hili zaidi ya tulivyobishana juu ya urithi. Hoja yake ni nzuri: gari jipya hushuka thamani kwa kasi zaidi mwanzoni, na anayekodi hulipia sehemu hiyo ya kushuka pamoja na gharama ya fedha, badala ya kulipia gari zima. Akimaliza anarudisha funguo. Lakini mkataba wake una kikomo cha kilomita 15,000 kwa mwaka, na kila kilomita ya ziada inalipiwa. Yeye anajua anakwenda wapi kila siku. Mimi nikipigiwa simu Jumamosi asubuhi naweza kuwa mji mwingine ifikapo jioni. Gari la kukodi lingenifilisi kwa kilomita tu.

Alichokosea mara ya kwanza ni kurudisha gari bila picha. Mkataba ulisema atalipia "uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida", na hakuna aliyemweleza uchakavu wa kawaida unaishia wapi. Mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye bampa, yeye aliuona wa kawaida, wao hawakuuona hivyo. Mara ya pili aliomba mwongozo wao wa ukaguzi kabla ya kusaini, akapiga picha 60 siku ya kuchukua, nyingine 60 siku ya kurudisha. Aliuliza pia gharama ya kuvunja mkataba katikati, na swali ambalo mimi nisingelifikiria: gari likiibwa mwezi wa nane wa mkataba, bima italipa thamani ya gari siku hiyo au deni lililobaki? Mara nyingi ni thamani ya gari, na inaweza kuwa ndogo kuliko deni. Pengo hilo ni lako, labda kama una bima ya kuliziba.

Gari nililonalo sasa ni la tatu. Lilikaguliwa na mzee wangu yule, akanung'unika kuhusu bushi mbili tu. Mezani muuzaji akatandaza vya ziada: kupaka dawa ya kulinda rangi, kuongeza waranti, bima ya vioo. Nikamwomba anionyeshe ni kipi cha lazima. Hakikuwapo hata kimoja. Kisha nikaanza kusoma mkataba kwa penseli, na yeye akaanza kutazama saa. Kurasa 6 zilinichukua dakika 50. Kifungu cha "makubaliano yote" kilikuwapo, safari hii ni cha 11.

Alikuwa ameniahidi ufunguo wa pili, uliosahaulika kwa mmiliki wa zamani. "Dada, hilo ondoa shaka." Nikamgeuzia karatasi, nikaandika pembeni mwa kifungu cha 11: ufunguo wa pili utakabidhiwa ndani ya siku 14, la sivyo muuzaji atalipia mpya. Nikaweka tarehe, nikampa kalamu. Alilisoma mara mbili, akaenda kuongea na mtu chumba cha nyuma, akarudi, akasaini, nami nikasaini.

Ufunguo uliletwa siku ya 13, jioni, na kijana wa pikipiki aliyetaka nisaini kwamba nimeupokea. Nilisoma kwanza.