Kayaki ndefu, keria fupi, na mzee wa kamba

Leo Jumapili, nimeingia nyumbani Bweyogerere, pembeni ya Kampala, saa mbili usiku, viganja vinanuka kamba mbichi na mabega yamechoka kwa kasia, na kabla sijalala nataka niandike hii habari maana imenikaa kichwani karibu miezi miwili sasa na leo ndio nimepumua.

Kayaki yangu, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, ina mita 4.9. Gari yangu ni RAV4 ya zamani, ile ya milango mitatu, toka bampa mpaka bampa haifiki mita 4, na juu kwenye keria, ile ya kubebea mizigo paani, vile vyuma viwili vya kukingama vimeachana sentimita 68 tu. Nimepima kwa futi ya fundi mara mbili nikidhani nimekosea. Kwa hiyo ukiilaza kayaki juu, inakaa kwenye kipande kidogo tu cha tumbo lake, halafu mbele inatoka mita mbili na kitu na nyuma hivyohivyo.

Watu wameniuliza sana kwa nini nisinunue fupi. Ukienda Jinja, mji wa ukingoni mwa mto Naili, utaona vijana wanabeba kayaki zao kwenye boda, kijana mmoja anaendesha, mwingine kakaa nyuma kaiweka kayaki mapajani imekingama barabara, na wanakwenda. Lakini zile ni za maji makali, mita 2 na nusu hivi, zimetengenezwa zigeuke haraka kwenye mawimbi ya Itanda, hukohuko mtoni. Mimi maji makali siyataki. Nimekulia Tanga, babu yangu alikuwa na ngalawa, na chombo ninachokielewa ni kile ukikipiga kasia moja kinateleza moja kwa moja bila kuyumbayumba, na hicho lazima kiwe kirefu, hakuna njia nyingine. Urefu ndio unaonyoosha njia. Basi nilipoipata hii, mtumba, plastiki, ina makovu yake chini lakini haivuji, niliinunua siku hiyohiyo na sikuwaza hata kidogo itafikaje majini.

Safari ya kwanza ya Jinja nilitoka alfajiri, nimefunga mikanda miwili, mmoja kila chuma, nimeivuta mpaka mkono ukauma. Nikaisukuma kidogo kwa bega, haikutikisika. Nikaona tayari. Mukono nikapita, Lugazi nikapita nyuma ya malori ya miwa taratibu, halafu ile barabara ikaingia msitu wa Mabira, ikafunguka, nikaongeza spidi nikafika 90. Basi moja likaja upande wa pili linakimbia, na lilipopishana na mimi upepo wake ukapiga ile pua ya kayaki, ikaenda kushoto, halafu likishapita ikavutwa kulia, nikasikia juu ya kichwa changu sauti ya chuma kinasagana na plastiki, kuangalia kwenye kioo naona pua imelala upande wa magari yanayokuja. Nyuma yangu kulikuwa na taksi imejaa abiria. Sijui hata niliegesha vipi, nakumbuka nimeshuka na miguu haina nguvu, na nikawaza kitu kimoja tu, kwamba ingeng'oka ingeingia kwenye kioo cha ile taksi, kwa wale watu, kwa sababu ya starehe yangu mimi.

Nikajikokota mpaka Najjembe, pale wanapouza kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma. Wale vijana wanaokimbilia madirisha ya magari waliona hali yangu, wakaacha vijiti vyao vya kuku, "nyabo pole, nyabo ngoja," (nyabo ni mama kwa Kiganda) wakanisaidia kuirudisha katikati, na mwendesha boda mmoja akafungua mpira wa tyubu kwenye kiti chake, ule wanaofungia matoke na magodoro, akanipa na akakataa hela. Nikageuza gari. Nilirudi nyumbani kwa spidi ya 40 huku kila lori linanipigia honi.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, maana nilitaka kujua kwa nini kitu kilichokuwa hakitikisiki nyumbani kiligeuka barabarani kama mshale wa saa. Na hesabu yenyewe haina ugumu. Toka katikati ya kayaki mpaka puani ni karibu mita 2 na nusu, toka chuma hadi chuma ni 68. Upepo ukisukuma pua kwa nguvu ya kilo 10 tu, ule urefu unafanya kazi ya mtaimbo, na pale kwenye vyuma mikanda inatakiwa kuzuia zaidi ya kilo 35. Halafu upepo wenyewe hauongezeki sawasawa na spidi, unaongezeka kwa mraba wake, ukitoka 80 kwenda 100 nguvu inapanda zaidi ya mara moja na nusu, na ukishuka 60 inabaki kidogo tu juu ya nusu. Nilipoisukuma kwa bega nilisukuma katikati, mahali ambapo hata mtoto angeizuia. Puani sikugusa.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa ya hasira. Nilikwenda Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, nikanunua mikanda ya racheti, ile ya malori inayokazwa kwa mpini, nikaikaza mpaka nikasikia plastiki inalia, nikasema sasa haitoki. Asubuhi nakuta kayaki ina mabonde mawili tumboni. Nililia kidogo, siwezi kuficha. (Plastiki ya aina hii ina huruma, niliiweka juani imelala kifudifudi siku mbili na mabonde yakajaa taratibu yenyewe, yamebaki kama vivuli tu. Lakini jua hilohilo likiikuta imekazwa na racheti ndio linaifinya zaidi, kwa hiyo msikaze kitu cha plastiki na racheti mkakiacha kwenye maegesho mchana.)

Sasa kuna mzee, jirani yangu, nyumba ya tatu toka kwangu. Kwao ni Arua, kaskazini-magharibi ya Uganda. Miaka mitatu nimekuwa nikipita namwambia shikamoo na yeye anajibu marahaba, hapa Kampala si wengi wanajua kuijibu, nami sikuwahi hata kusimama kuuliza kaijulia wapi. Siku ile kayaki imeanikwa uani akasimama getini akaitazama muda mrefu, akaniuliza nafunga vipi. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha huko juu ambacho mimi nakipenda sana, "Mutoto yangu, mzigo refu hawezi shika tumbo peke yake. Shika kichwa, shika mukia."

Kumbe ameendesha lori Mombasa mpaka Kampala kupitia mpaka wa Malaba kwa zaidi ya miaka 20. Nondo, nguzo za umeme, mabomba, vyote vimepita mgongoni kwake. Akaingia, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaomba kamba, na mchana mzima ule tulikuwa tunafunga na kufungua. Alinifundisha fundo moja ambalo sijui lina jina gani, unaweka kitanzi katikati ya kamba, unapitisha mwisho wake chini kwenye ndoano ya gari, unaurudisha juu ndani ya kile kitanzi, halafu unavuta kwenda chini, na kamba inajikaza yenyewe kama kapi, bila racheti, na unajua kwa mkono wako umekaza kiasi gani. Alinifanya nilifunge macho yakiwa yamefumbwa. Alisema usiku wa mvua Mazeras, kule karibu na Mombasa, hakuna tochi.

Mpira wa tyubu wa yule kijana wa boda alinikataza kuutegemea, kwamba mpira unanyooka, ni mzuri kwa kushikilia ila si wa kuzuia. Lakini hakuutupa. Aliukata vipande akavizungushia kwenye vile vyuma vya keria vizuri, tabaka mbili, na kayaki ikilala pale haitelezi tena. Na kamba ya nailoni pia aliitoa, akaniambia ikinyeshewa inarefuka, utatoka nyumbani imekaza na Mabira imelegea, nitafute ile ya polista.

Halafu likaja suala la keria yenyewe, maana kamba hata ziwe nzuri vipi zile sentimita 68 zipo palepale. Tukaenda Katwe kwa fundi wa kuchomelea. Mzee alichora chini kwa kidole, kama ngazi, skwea paipu (paipu za chuma za pembe nne) mbili za mita 2 zinalala kwa urefu wa paa juu ya vyuma vyangu vya zamani na kushikwa na yubolti nne, zile bolti zilizopindwa kama herufi U, halafu kwenye hizo paipu vinakingama vyuma viwili vipya, kimoja mbele kabisa juu ya kioo, kimoja nyuma kabisa, vimeachana mita 1 na nusu. Fundi alitaka kutumia chuma kizito, mzee akakataa, akasema paa la gari hili si la lori, na kwa kweli fremu nzima ilitoka kama kilo 7, na kayaki ina 28. Nikarudia hesabu yangu nyumbani, zile kilo 35 na zaidi zikashuka mpaka 16. Nilimpelekea ile karatasi. Aliisoma yote akaikunja akaiweka mfukoni.

Kwa hiyo leo. Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi mimi na yeye, kayaki kifudifudi ili mvua isijaze ile nafasi ya kukalia, imelala kwenye mita 1 na nusu yake mpya, mikanda miwili ya kawaida ya kubana kwa bizimu, na puani kamba mbili zinashuka kama herufi V iliyopinduliwa, moja kushoto moja kulia, kwenye vitanzi vya mkanda ambavyo fundi alivifunga chini ya boneti kwa bolti. Sio moja katikati. Moja inazuia kuruka juu tu, mbili zinazuia na kwenda pembeni, na pembeni ndiko kulikotaka kuniua. Nyuma hivyohivyo, ila mlango wa nyuma wa gari hili unafunguka kwa ubavu na una tairi mgongoni, kwa hiyo kamba ya upande wa komeo tuliifunga mwisho, baada ya kupakia kila kitu. Mkiani kitambaa chekundu, kipande cha kanga yangu.

Mikanda ilianza kuimba tulipofika 60, ule mvumo wa kutoboa masikio, mzee akaniambia niegeshe, akaizungusha kila mkanda msokoto mmoja kati ya paa na kayaki, tukaendelea, kimya. Alinisimamisha tena Mukono akagusa kila fundo. Lugazi tena. Najjembe nilisimama mwenyewe, nikamtafuta yule wa boda, hakuwepo, nikanunua gonja kwa wale vijana na mmoja akanikumbuka, akaizunguka gari akisoma kamba, akasema "nyabo, kati!" yaani sasa hivi sasa, na nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Mabira mabasi manne yalitupita. Nilikuwa 70. Kila moja nilishika usukani mpaka vidole vikawa vyeupe na nikatazama ile pua, na kila mara ilitetemeka kidogo, kamba ya kushoto ikakaza, ya kulia ikakaza, ikarudi mahali pake. Kwenye daraja jipya la Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, ni mita 525 za upepo mtupu toka ziwani, nikashuka 40 na mzee akafungua dirisha akatoa mkono akaushika ule mkanda wa upande wake mpaka tukavuka.

Tulishusha upande wa Bujagali, kwenye Naili. Maporomoko yaliyokuwa pale yako chini ya maji sasa, tangu bwawa lilipojazwa maji mwishoni mwa 2011, na wapo watu Jinja ambao mpaka leo wanayazungumzia kama mtu aliyefariki, sitaki kulipita hilo kwa wepesi. Lakini yale maji yaliyobaki juu yake yametulia, ni mapana, na ndiyo maji ya kayaki yangu. Nilipiga kasia saa mbili. Ilikwenda moja kwa moja.

Nilimwomba mzee apande hata dakika kumi karibu na ukingo, akakataa, akasema yeye ni mtu wa barabara. Alikaa kwenye jiwe amezikunja zile kamba zote mduara mduara kila moja peke yake, zinakauka. Niliporudi akaniambia kwamba haya maji yataingia Kyoga, yatapita Karuma, yataingia ziwa Albert, halafu yatapita chini ya daraja la Pakwach, na Pakwach ndipo alipokuwa akijua amefika kwao, hata kama Arua bado iko mbele. Mara ya mwisho kulivuka ni zamani. Nikamuuliza ni kilomita ngapi toka hapa nyumbani kwetu mpaka Pakwach kwa gari. Akanitajia, halafu akanyanyuka akaenda kuitazama ile fremu, akaitikisa kwa mikono miwili, na akasema kabla ya safari kama hiyo zile yubolti za nyuma zinataka nati mbilimbili, moja peke yake italegea njiani. Kesho jioni napita Kisekka kuzitafuta.