Hela ya pampu iko wapi?

Mkutano mkuu wa kijiji chetu hufanyika chini ya mwembe, nyuma ya ofisi ya mtendaji. Sheria inataka uitishwe kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe, watu waulize. Mwenyekiti wetu wa zamani aliuitisha pale tu alipokuwa hana jinsi, na maswali yote aliyasukumia kwenye “Mengineyo”, ajenda ya mwisho, giza likishaingia na akina mama wameshaondoka kupika. Ukimbana sana anacheka: “Wewe umetumwa.” Basi, swali limekufa, na wewe ndiye umekuwa tatizo.

Aliyemfuata hakuwa msemaji hata kidogo. Katika mkutano wake wa pili, bibi mmoja alisimama kabla hata kumbukumbu hazijasomwa. “Mwanangu, kila kaya ilichanga elfu tano. Hela ya pampu iko wapi?”

Mwenyekiti akamwamkia. Kisha akalirudia swali kwa sauti ili wa nyuma walisikie, na alilirudia lilivyo, bila kulipunguza ukali. Akasema zilichanga kaya 164, zikapatikana shilingi 820,000. Laki sita alimkabidhi fundi, na fundi sasa hapokei simu. “Nilimpa bila maandishi.”

Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja akauliza kwa nini hakuandikishana naye.

“Tunafahamiana. Niliona aibu kumdai karatasi.”

Sijawahi kusikia kiongozi akijibu hivyo mbele ya watu. Akaomba wajitokeze wawili wasiokuwa kwenye kamati, waende naye kwa fundi Jumatatu. Yule kijana akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Zilirudi laki tatu na nusu, nyingine hatukuziona tena. Mwaka uliofuata alipoitisha mchango wa kumalizia, watu walitoa, kwa kunung'unika, lakini walitoa.

Huwa nakumbuka pia mahojiano ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1984, akiwa bado rais. Alikiri kwamba kama angeanza upya, kuna mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Yote mawili yalifanyika chini yake, la kwanza mwaka 1972, la pili 1976. Angeweza kuwasukumia maofisa wa mikoani, na wengi wangemwamini.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, watu 22, na mwezi uliopita zamu ikanifikia. Tumefungua sanduku, tumehesabu, pungufu 40,000. Dada mmoja, ambaye kusema kweli hatupatani, akauliza mbele ya wote: “Mweka hazina, hiyo nyingine umeiweka wapi?” Jasho. Jibu lililonijia mdomoni lilikuwa lile lile la mwenyekiti wa zamani: umetumwa na nani? Nikalimeza. Nikasema sijui, nikampa daftari asome mwenyewe kwa sauti, jina kwa jina.

Tulifika jina la kumi na saba. Nilikuwa nimeandika hisa nane za mwanachama ambaye wiki ile alikuwa msibani na hakutoa chochote. Mwandiko ni wangu. Nikaomba radhi, nikakata mstari, tukasaini pembeni.

Dada yule akakaa. Kisha akanyoosha mkono tena: “Na faini za mwezi wa tatu?”