Nilivyokwenda umra peke yangu kutoka Lamu

Tangu nilipofiwa na mume wangu, kila nilipotaja nia yangu ya kwenda umra, ile ziara ya ibada ya Makka isiyo hija, watu wa nyumbani waliniuliza ni nani atakayefuatana nami. Wanangu wana kazi na watoto wadogo, na nauli ya watu wawili hatukuiweza. Mnamo Oktoba 2022, Waziri wa Hija wa Saudia, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza kwamba mwanamke anaweza kwenda kuhiji au kufanya umra bila maharimu, yaani mume au jamaa wa kiume asiyeweza kumuoa. Hata hivyo, ruhusa ya serikali haikunitosha, nikaenda kwa sheikh wetu wa mtaani. Alinieleza kwamba katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata hapa Lamu, umra ya kwanza katika umri wa mtu ni faradhi, na kwamba safari ya faradhi ina wasaa zaidi kwa mwanamke kuliko ya sunna, mradi njia iwe na amani. Akaniambia, "Mama, ukiwa na yakini ya usalama wako, nenda." Maneno hayo ndiyo yaliyowatuliza wanangu.

Mimi sikuwahofia watu wa ugenini. Nilihofia magoti yangu na sukari, kwa hiyo nikaipanga safari yote kwa kufuata mapumziko. Chanjo za homa ya manjano na homa ya uti wa mgongo nilizipata mapema, kwa kuwa zote mbili zinatakiwa ziwe zimechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Dawa zangu, pamoja na barua ya daktari, zilikaa katika mkoba wa mkononi. Kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege nilikiomba wakati wa kukata tiketi, na sikutozwa chochote.

Uamuzi ulionifaa kuliko yote ni kuanza na Madina. Mtu wa Lamu huvuka kwa boti hadi Manda, akapanda ndege ya Nairobi, kisha ndege ya Jiddah, na akikusudia Makka moja kwa moja hulazimika kuhirimia, yaani kutia nia na kuingia katika masharti ya ibada, angali njiani, kisha akaingia katika ibada akiwa amechoka. Anayetangulia Madina hahirimii mpaka anapotoka huko, katika mikati, yaani mahali pa kuhirimia, ya Dhul Hulayfa, ambayo wenyeji huiita Abyar Ali. Uwanja wa ndege wa Jiddah una kituo cha treni ya mwendo kasi ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, na treni hiyo ndiyo iliyonifikisha Madina. Nililala, nikasali katika Msikiti wa Mtume, na miguu ikapungua uvimbe. Kibali cha kuingia Rawdha, sehemu tukufu ndani ya msikiti huo ambako wanawake wana saa zao, nilikiomba kwa programu ya simu ya Nusuk, ambayo mjukuu wangu alinifundisha kabla sijaondoka mpaka nikaweza kuitumia bila msaada. Ninamshukuru sana kwa subira yake.

Siku ya kwenda Makka nilichukua teksi hadi Abyar Ali, nikahirimia, kisha nikarudi kituoni kupanda treni. Safari huchukua zaidi kidogo ya saa mbili, lakini kituo cha Makka kiko Rusaifa, mbali na Msikiti Mtukufu, na kutoka hapo pia nilihitaji teksi. Sikuingia msikitini papo hapo. Nilikula, nikameza dawa, nikajinyoosha chumbani nikiwa ndani ya ihramu yangu, kwani hakuna sharti la kuharakisha.

Nilitufu, yaani niliizunguka Kaaba mara saba, kwa miguu yangu, taratibu, pembeni mwa msongamano. Sai, yaani kwenda mara saba kati ya Safa na Marwa, ni mwendo wa kama kilomita 3 kwa jumla, nami niliifanya kwa kigari cha umeme cha kulipia, katika ghorofa ya juu. Wako wanawake wa rika langu wanaoona haya kupanda kigari hicho, ilhali Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitufu juu ya ngamia katika Hija ya Kuaga. Nilipomaliza nilipunguza ncha za nywele zangu kwa mkasi mdogo niliokuwa nimeuweka katika sanduku kubwa, kwa sababu mkasi ukiwa mkobani unaweza kuzuiwa uwanja wa ndege.