Siku moja na laptopu mpya, kuanzia kwenye boksi hadi usingizini

Saa 2:00 asubuhi. Laptopu inatoka kwenye boksi; kazi yangu ni kujaribu kama Linux inasakinishika na kufanya kazi juu yake. Kwanza naandika toleo la fimwea (programu ya ndani ya kifaa) na kupiga picha kila ukurasa wa mipangilio ya UEFI, fimwea inayoiwasha mashine, la sivyo jioni sitajua nimebadilisha nini. ISO, faili la kisakinishi, inahakikiwa kwa sha256sum kwamba haijaharibika, inaandikwa kwenye flashi kwa amri ya dd yenye conv=fsync, inayosubiri data yote ifike. Wengi huchomoa flashi kabla data haijafika yote, kisha huripoti kwamba kisakinishi ni kibovu.

Saa 3:00. Mashine inawaka kwa flashi, Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zilizosainiwa tu, ikiwa imewashwa. Skrini, kibodi na padi ya kugusa viko sawa. Dakika kumi tu. Watu hudhani kazi yote ndiyo hiyo, kubofya "Endelea".

Saa 3:20 kisakinishi kinauliza pa kuweka mfumo, na kwenye orodha kuna flashi peke yake. Diski ya NVMe, ile ya ndani ya laptopu, haipo.

Asubuhi yote huliwa hapa. Ripoti ya "diski haionekani" haimsaidii mtu yeyote, kwa hiyo nafungua lspci -nnk, orodha ya vifaa na draiva zake. Kuna kidhibiti cha diski (RAID) cha Intel, Volume Management Device (VMD), namba 8086:467f, na mstari wa "Kernel driver in use" haupo. Diski imejificha nyuma ya VMD. Bila draiva ya vmd, keneli (kiini cha Linux) haiifikii. Je, keneli ni ya zamani kiasi cha kutoijua namba hiyo, au moduli, yaani faili la draiva hiyo, imesahaulika tu? Amri ya kuipakia, modprobe vmd, inajibu kwamba moduli haipo. Kwenye mashine nyingine yenye keneli ileile, modinfo vmd, inayoonyesha maelezo ya moduli, inaitaja namba 467f. Basi keneli haina kosa: aliyefungasha kisakinishi ndiye aliyeiacha moduli nje.

Ushauri wa haraka ni kuzima VMD kwenye UEFI na kurudi AHCI, hali ya kawaida ya diski. Mimi sipendi. Unaficha kosa, na Windows iliyokuja na mashine huenda ikakwama na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kosa la kutofikia diski ya kuwakia.

Naongeza moduli, natengeneza ISO upya, naandika flashi tena. Diski inachomoza, kwenye anwani inayoanza na 10000: badala ya 0000: ya kawaida, kwa kuwa iko nyuma ya VMD. Usakinishaji unakamilika, mashine inajiwasha upya, halafu inaangukia kwenye ganda la amri la initramfs, mfumo mdogo wa muda wa kuwakia: mzizi, yaani sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe, haupatikani. Moduli ileile, safari hii imekosekana kwenye initramfs ya mfumo uliosakinishwa. Hayo ni makosa mawili, na kila moja lina ripoti yake.

Chakula cha mchana kimepita bila kuliwa. Wi-Fi: dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa keneli, imejaa "failed with error -2", yaani faili halipo. Wageni wa kazi hushtuka, lakini iwlwifi, draiva ya Wi-Fi ya Intel, huanza na toleo la juu la fimwea na kushuka hadi ipate lililopo. Kinachotisha ni "no suitable firmware found", na hapa hakipo. Sauti, kamera, bluetooth: sawa.

Giza linaingia nikiwa kwenye usingizi wa mashine. Faili la mem_sleep, linaloorodhesha aina za usingizi, linaonyesha s2idle peke yake, usingizi mwepesi unaotegemea prosesa kujilaza yenyewe. Nailaza kwa rtcwake -m freeze -s 300, iamke baada ya dakika tano, kisha nasoma slp_s0_residency_usec, kihesabu cha muda wa usingizi wa kina: namba haijasogea. Skrini ilizimika, lakini prosesa haikulala kwa kina. Nachomoa kifaa kimoja, narudia. Dakika tano. Kingine, dakika tano tena. Kisomaji cha kadi ya SD kikizimwa kwenye UEFI, namba inapanda.

Naandika asilimia ya betri, nafunga kifuniko, naiacha mezani hadi asubuhi.