Kabichi, karoti na visu vya watoto

Mara ya kwanza nilipopika na watoto darasani nilifanya ujinga mmoja, nilikata kila kitu nyumbani usiku. Kabichi tayari, karoti tayari, nikajiona nimejipanga kweli. Kufika pale watoto 22 wa miaka 7 wanamtazama mtu mmoja anakoroga sufuria, dakika tano tu wakaanza kusukumana na mmoja akaenda kulala chini ya meza. Na kabichi yenyewe hawakula, walionja wakarudisha.

Safari hii nikasema liwalo na liwe, watakata wenyewe. Vikundi vya watoto wachache wachache, kila kikundi na mtu mzima wake (wazazi walijitolea, pamoja na mwalimu mwenzangu aliyekuwa anaogopa kuliko watoto). Visu vidogo lakini vinavyokata, maana kisu butu ndo kinateleza, unalazimika kukikandamiza. Chini ya kila ubao kitambaa kibichi ili usitembee. Somo la visu peke yake lilikula muda kuliko kupika: mkono unaoshika unakunjwa kama kucha za paka, vidole ndani, na karoti ikiwa duara inabingirika kwa hiyo naipasua mimi kwanza kwa urefu, wao wanalaza ule upande bapa chini ndo wanakata.

Basi ungeona hivyo vipande! Kimoja chembamba kama njiti ya kiberiti, kingine kidole gumba changu kabisa. Mkono uliniwasha nivikate upya kimya kimya, nikajizuia, nikawaambia tu vinene vitatangulia kwenye sufuria. Hapo ndo ukazuka ubishi, hiki kinene, hapana chembamba, wakavipanga kwenye sinia kuanzia kikubwa mpaka kidogo, hesabu sikuwa nimeipanga siku hiyo imekuja yenyewe.

Kitunguu nilikata mwenyewe, kilikuwa kimelala kwenye friji maana kikiwa cha baridi hakiwashi macho sana, ila bado wawili walilia na wengine wakajilazimisha kulia wasipitwe.

Jikoni ni mimi na mtoto mmoja mmoja, anakoroga mara kumi anampisha mwenzake. Karoti zilipokaa kidogo mafuta yakawa rangi ya chungwa, mmoja akasema "ticha karoti inatoka jasho", nikamwambia hiyo ni rangi yake, inayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji tupu isingetoka hivyo. Kabichi ikaingia, sufuria ikajaa mpaka juu, nikatia chumvi nikafunika. Maji sikuweka hata tone. Kufunua, kabichi imeshuka karibu nusu na chini kuna maji, weee, wakanishambulia eti nimeweka maji wakati hawaoni! Ikabidi nichukue kabichi mbichi kwenye bakuli, nitie chumvi, niwape waminyeminye wenyewe, kila anayeminya maji yanamchuruzika kwenye vidole. Nikawaeleza chumvi ndo inayavuta yatoke ndani ya jani. Kuna mmoja mpaka leo haamini, alinikagua na mikono.

Niliepua mapema, kabichi bado inalia kidogo ukiitafuna. Ikikaa sana motoni inatoa ile harufu nzito, na mimi naona wengi wanaosema hawapendi kabichi kumbe wanachochukia ni hiyo harufu tu.

Mezani hakuna aliyeuliza kama ni tamu, kila mtu anachambua sahani anatafuta kipande chake, "hiki nimekata mimi", "muongo, changu kilikuwa na kona". Mwenye kile cha kidole gumba alikipata, katikati bado kigumu, akakitafuna chote kwa kelele huku anamwangalia jirani yake. Kosa langu hilo, vile vinene nilitakiwa kuvipa muda zaidi kabla ya kutia kabichi.

Wiki ijayo ni boga. Hilo nalipasua mimi, wao watatoa mbegu kwa mikono, na magazeti ya kutandika chini nimeshaanza kukusanya.