Volti 180 za Mama wa Nansio

Mama mmoja alishuka na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akaja moja kwa moja karakanani kwetu, jirani na Makoroboi, Mwanza, inveta yake, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ikiwa kwenye kiroba. Fundi wa kule kisiwani alikuwa ameipima akakuta volti 180 badala ya 230. "Niandikieni hivyo hivyo," alisema, "nikamrudishie aliyeniuzia." Muuzaji mwenyewe alikuwa ameshafika, anaapa kwa sauti.

Niliifunga kwenye betri, nikachomeka mita yetu ya dijitali. 181. Mama akamgeukia muuzaji: umeona?

Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alishusha rafuni voltimita ya mshale, nzito, ya zamani. Akaisimamisha wima kama alama iliyochapwa usoni mwake inavyodai, maana ukiilaza, uzito wa mshale wenyewe unapotosha kipimo. Akauweka mshale kwenye sifuri kwa kuzungusha skrubu ya mbele, akagonga kioo kwa ukucha ili msuguano usiukwamishe. "Inama, mwanangu, usisome kwa pembeni."

Ulikuwa umesimama chini kidogo tu ya 230.

Wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja. Mzee akachomoa mita zote mbili, akazihamishia kwenye soketi ya ukutani, umeme wa TANESCO. Zikasoma sawasawa. Akazirudisha kwenye inveta: zikaachana tena, vile vile. Hapo hata mama akanyamaza, akasogea karibu.

Mzee akachora kwa chaki mezani. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka kwa mawimbi laini. Inveta ile ilitoa ngazi: inaruka hadi volti kama 325, inakaa, inashuka sifuri, inakaa, kisha upande wa pili. Nusu ya muda haina kitu. Mita yetu ya bei nafuu hutafuta wastani, hapa kama 162, halafu huuzidisha kwa 1.11, hesabu iliyo sahihi kwa wimbi laini peke yake. Ndiyo hiyo 180. Voltimita ya mshale ina koili inayotia usumaku vipande viwili vya chuma visukumane, na msukumo huo hufuata mraba wa mkondo, kama lifanyavyo joto la balbu. Kwa hiyo husoma volti halisi, wimbi liwe la umbo lolote. Nilivutiwa sana na jambo hilo, na mpaka leo sinunui mita bila kutafuta usoni mwake maneno True RMS, yaani kwamba inasoma volti hizo halisi.

"Kwa hiyo friji yangu itafanya kazi?" mama akauliza.

"Taa na televisheni, sawa," mzee akamjibu. "Friji hapana, mama yangu. Mota itanguruma na kupata moto. Tafuta inveta ya wimbi laini."

Mama akamgeukia muuzaji, akamuuliza anaongeza shilingi ngapi ili abadilishiwe, wakaanza kupatana bei upya.